Wana wawili wa mama Bertha



Juma lililopita, tulipomaliza kuhesabu likelemba, mmoja wetu alikawia kuondoka. Kijana wake wa miaka 17 amemuuliza: "Mama, wenzangu wanabeba bunduki, mimi nibaki hapa niitwe mwoga?" Tulikosa jibu. Ndipo tukakumbuka habari za mama Bertha Doss, wa mji wa Lynchburg, kule Marekani.

Bertha alikuwa na watoto watatu: Audrey, Desmond na Harold. Baba yao, seremala, alikuwa akinywa sana. Ukutani kulitundikwa picha ya Amri Kumi, na penye "Usiue" alichorwa Kaini akisimama juu ya Abeli. Desmond alikuwa akipanda kiti kuitazama, akishangaa ndugu anawezaje kumfanyia hivyo ndugu yake. Siku moja baba, amelewa, aligombana na shemeji yake akatoa bastola. Bertha akaingia katikati, akaichukua, akampa Desmond aende kuificha. (Wamama, jioni za namna hiyo tunazijua.) Mtoto akaapa hatashika bunduki tena.

Vita ya pili ilipokuja, Harold aliingia jeshi la majini. Desmond alikuwa na kazi kwenye kiwanda cha meli, angeweza kuachwa. Mwaka 1942 alikwenda, akaomba awekwe kati ya waganga wa askari, bila silaha. Kambini walimcheka na kumtupia viatu alipopiga magoti kuomba.

Mwezi wa tano 1945, kisiwani Okinawa, kikosi chake kilipanda jabali la Maeda. Wajapani wakawarudisha nyuma, majeruhi wakabaki juu. Desmond naye alibaki. Aliwavuta mmoja mmoja hadi ukingoni, akawafunga kamba, akawateremsha. Yeye alisema walikuwa kama 50, wakubwa wake wakasema 100, ikaandikwa 75. Baadhi yao ni wale waliomcheka.

Baadaye mwezi huohuo guruneti lilimjeruhi miguu. Wakiwa wanambeba, aliona mwingine aliyeumia zaidi, akashuka kwenye machela akampisha. Kisha risasi ikamvunja mkono. Akaufunga kwa kitako cha bunduki, na hiyo ndiyo kazi pekee aliyoipa bunduki. Tarehe 12 Oktoba 1945 rais Truman alimvika nishani kubwa kuliko zote za jeshi lao.

Sinema yake ipo, ya 2016, lakini ina damu nyingi, msiwaonyeshe wadogo.

Mama yule alisikiliza yote, kisha akauliza jambo moja tu:

"Na yule Harold? Walirudi wote wawili?"

Walirudi wote wawili.

Jumatano watatu kati yetu tutaenda kwake kuongea na kijana. Mwenye habari za mafunzo ya huduma ya kwanza ya Msalaba Mwekundu atujulishe kabla ya siku hiyo.