Kazi za Helikopta Zirithishwe, Zisikatwe: Tamko la Wafanyakazi wa Anga Kutoka Masieda



Sisi wanachama wa umoja wa wafanyakazi wa helikopta na ndege ndogo tunaotoka Masieda, wilayani Mbulu, na kata jirani tumekutana hapa nyumbani kwa jambo moja. Wenzetu wageni tunaofanya nao kazi, marubani na mafundi, wamepewa barua za kusitishiwa mikataba. Barua zinataja sababu mbili: kazi zimepungua, na nafasi zao zinatakiwa kushikwa na Watanzania. Kampuni inayohusika hatuitaji jina kwa kuwa mazungumzo hayajafungwa, na tunayoyasema yanamhusu kila mwajiri anayerusha helikopta nchini.

Wapo waliotarajia tushangilie. Wengi wetu ni wapakia mizigo, wajaza mafuta, madereva na wasaidizi wa mafundi. Mafundi wenye leseni na marubani wasaidizi tulionao ni wachache. Tumeambiwa kwamba mgeni akishuka, mzawa anapanda. Tumelijadili hilo kwa kirefu, na msimamo wetu ni huu: tunataka kazi hizi zishikwe na Watanzania, tunataka siku hiyo ije mapema, na kwa sababu hiyohiyo tunapinga namna wenzetu wanavyoondolewa sasa. Rubani akiondoka bila kuacha mtu aliyeiva, hajampisha mzawa yeyote. Helikopta inabaki ardhini, na ikibaki ardhini wa kwanza kukosa kibarua ni sisi.

Tuanze na hizo sababu mbili, kwa maana hapo ndipo ukweli unapopotea. Kama kazi zimepungua kiasi kwamba nafasi ya rubani fulani imefutwa, basi hakuna nafasi ya kumpa Mtanzania. Kama nafasi ipo na Mtanzania anaingia, basi haikufutwa, na mwajiri atuoneshe huyo Mtanzania ni nani, amefundishwa na nani, na anaanza lini. Nafasi moja haiwezi kufutwa na kurithishwa kwa wakati mmoja. Tumeuliza katika vikao ni nafasi zipi ziko upande upi, na mpaka leo hatujapata orodha. Tunaona kwamba jina zuri la kuwapa wazawa ajira linatumika kufunika upungufu wa fedha.

Upungufu wenyewe hatuukatai. Biashara ya helikopta duniani iliyumba bei ya mafuta ilipoporomoka kuanzia 2014. CHC iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwaka 2016, PHI na Bristow zikafuata mwaka 2019, na hizo zilikuwa miongoni mwa kampuni kubwa kabisa za kazi hii. Hapa kwetu, wafanyakazi wa uchimbaji wa gesi katika bahari kuu walisafirishwa kwa helikopta kutoka Mtwara, na uchimbaji ulipopoa kazi hiyo nayo ikapungua. Mwajiri mwenye hali ngumu ana haki ya kusema hivyo waziwazi. Tutakaa naye, tutazungumza zamu fupi, likizo za zamu na mengine yanayoweza kuokoa ajira. Tusichokubali ni kuambiwa kwamba tunafanyiwa hisani.

Kwa mwananchi wa huku helikopta ni chopa ya kampeni. Tangu mgombea urais wa CHADEMA, Freeman Mbowe, aizungukie nchi kwa chopa katika uchaguzi wa 2005, watoto wetu wanaijua kwa vumbi lake na vipaza sauti. Sisi tunaijua kwa kazi nyingine: doria dhidi ya majangili, uokoaji wa wapanda mlima Kilimanjaro, upimaji wa madini kutoka angani, usafirishaji wa wagonjwa na wataalamu mahali ambapo gari halifiki. Tope na mawe yalipoporomoka kutoka Mlima Hanang tarehe 3 Desemba 2023, watu zaidi ya 80 walipoteza maisha katika mji wa Katesh, Gendabi na vijiji vya jirani, na barabara zikazibwa. Wilaya yenye mlima kama ule haiwezi kulichukulia suala la nani anaweza kuruka na nani hawezi kuwa ni la ofisi za Dar es Salaam peke yake.

Na nchi hii ni ngumu kwa chombo hiki. Kilele cha Hanang kiko mita 3,417 juu ya usawa wa bahari, wakati Ziwa Eyasi liko chini kwenye bonde, karibu mita 1,030. Katikati yake kuna kuta za Bonde la Ufa ambako upepo hubadilika ghafla. Hewa ikiwa nyepesi kwa sababu ya mwinuko na joto, mapanga hukamata hewa kidogo na injini hupungukiwa nguvu, hivyo mzigo ulionyanyuka vizuri saa moja asubuhi huenda usinyanyuke kabisa saa nane mchana. Hayo hayafundishwi darasani yakaisha. Rubani kijana huyajua akiwa amekaa kiti cha kushoto au cha kulia, kutegemea aina ya helikopta, kando ya mtu aliyetua kwenye mabonde kama haya mara nyingi na akarudi salama.

Kwa hiyo katika kazi yetu ujuzi huhesabiwa kwa saa za kuruka. Kwa viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, leseni ya rubani wa biashara wa helikopta inahitaji saa zisizopungua 150, au 100 kwa aliyepitia mafunzo kamili yaliyoidhinishwa. Leseni ya juu kabisa inahitaji saa 1,000. Kati ya namba hizo mbili ndipo vijana wetu wanapokwama. Familia inauza ng'ombe na shamba, kijana anasomea Uwanja wa Ndege wa Wilson jijini Nairobi au Afrika Kusini, anarudi na leseni halali yenye saa chache, kisha anaambiwa hana uzoefu. Wateja na kampuni za bima hudai saa nyingi zaidi ya zile za leseni, na saa hizo hazipatikani mpaka mtu aajiriwe. Anayeweza kumvusha hapo ni rubani mzoefu mwenye idhini ya kufundisha, na kwa sasa wengi wa wazoefu tunaofanya nao kazi ndio walioshika barua za kuondoka. Kwa fundi ni vilevile: leseni yake hufungwa kwenye aina ya chombo, na sahihi yake ndiyo inayoiruhusu helikopta kuruka. Asiyefanya kazi chini ya mwenye sahihi hapati sahihi.

Tunao mfano wa huku huku wa urithishaji uliofanyika kwa subira. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoko hapa hapa Mbulu, ilifunguliwa mwaka 1955 na wamisionari kutoka Norway. Leo iko chini ya KKKT Dayosisi ya Mbulu, na wanaotutibu pale wengi mno ni Watanzania, baadhi yao watoto wa vijiji hivi. Waliandaliwa hatua kwa hatua, wauguzi wakifundishwa palepale. Tunao pia mfano wa kinyume. Chuo cha urubani cha Soroti kilianzishwa mwaka 1971 ili Afrika Mashariki ipate marubani na mafundi wake. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 chuo kilibaki Uganda, Shirika la Ndege la Afrika Mashariki likafa, na kila nchi ikaanza kujitafutia wataalamu upya. Serikali imeanza kujenga uwezo wa mafunzo ya anga katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, jambo tunalolipongeza kwa dhati. Ila ndege za mafunzo aina ya Cessna 172 hazimtoi rubani wa helikopta.

Wenzetu wageni wameitendea nchi hii mema, na tunataka lisemwe hadharani. Tarehe 29 Januari 2016 rubani Mwingereza Roger Gower alipigwa risasi na majangili akiwa angani katika Pori la Akiba la Maswa, ng'ambo ya Eyasi kutoka kwetu, akiwafuatilia waliokuwa wameua tembo. Alikishusha chombo, mwenzake akanusurika, yeye akafa. Miezi michache kabla yake, tarehe 15 Oktoba 2015, Kapteni William Silaa, Mtanzania, alifariki helikopta aliyokuwa akiirusha ilipoanguka Selous, pamoja na mbunge Deo Filikunjombe. Tunawataja pamoja kwa makusudi, na fikra hiyo si ngeni nchini. Januari 1964 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba ubaguzi wa rangi miongoni mwa raia katika ajira za Serikali umefika mwisho, wakati ambapo maneno hayo hayakumpatia makofi. Wageni hatulinganishi haki zao na za raia. Sheria yenyewe inatofautisha. Tunasema tu kwamba mtu asidhalilishwe kwa sababu pasipoti yake ni ya nje.

Sheria iko wazi kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamtaka mwajiri athibitishe kwamba amemtafuta Mtanzania kwanza, na inamtaka awe na mpango wa urithishaji wa ujuzi. Kibali hutolewa kwa muda usiozidi miezi 24, na hata kikihuishwa, jumla ya miaka ina kikomo. Maana yake ni kwamba siku mgeni anaingia, saa ya kumwandaa mrithi imeanza kuhesabiwa. Mwajiri aliyekaa miaka yote hiyo bila kumfundisha mtu hawezi leo kusimama mbele yetu kama mtetezi wa wazawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 nayo, kifungu cha 38, inamtaka anayepunguza wafanyakazi atoe notisi, atoe taarifa zote, na ashauriane nao juu ya sababu, njia za kuepuka, na namna ya kuwachagua watakaoondoka. Makubaliano yasipopatikana, suala huenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Anayestahili kiinua mgongo hulipwa mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka aliomaliza, hadi miaka 10, na nauli ya kurudi alikoajiriwa. Sheria hiyo humlinda mgeni na mzawa, na ikivunjwa kwa mgeni leo bila mtu kusema neno, kesho itavunjwa kwa mpakia mizigo wa Masieda.

Kwa hiyo tunamtaka mwajiri atoe hadharani orodha ya nafasi zinazofutwa na nafasi zinazorithishwa, zikiwa zimetenganishwa. Kwa kila nafasi inayorithishwa atajwe Mtanzania anayeandaliwa na saa au idhini anazopungukiwa, na mgeni asiondoke mpaka pengo hilo lizibwe, ndani ya muda ambao sheria inaruhusu. Mtanzania anayepewa nafasi apewe na mshahara wa nafasi hiyo. Kumweka mzawa ili alipwe nusu ni kumdharau, na ni kuwafukuza wataalamu wetu waende kufanya kazi Uarabuni. Kwa wenzetu wageni tunasema: mkaao kipindi hiki cha mwisho, fundisheni bila kuficha kitu, nasi tutasimama nanyi katika madai yenu halali.

Tunaiomba Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania iweke helikopta katika mipango yake ya kufadhili mafunzo. Na tunamwomba Kamishna wa Kazi, kabla barua hizi hazijaanza kutumika, aitishe mpango wa urithishaji ambao mwajiri aliuwasilisha alipoomba vibali, ausome mbele ya wafanyakazi, na aulize palipoandikwa jina la Mtanzania ni nani aliyefundishwa.

Limetolewa Masieda, Wilaya ya Mbulu, Mkoa wa Manyara, kwa niaba ya wanachama wote.