Daftari la Anwani ni Mali ya Shule

Mwanachuo anapofundishwa kutunza kumbukumbu za shule, hutajiwa daftari la mahudhurio, kitabu cha wageni na andalio la somo. Daftari la anwani halitajwi, na lile lililomo katika programu ya barua pepe ya kompyuta ya ofisi ndilo husahauliwa kabisa, kana kwamba mashine itajitunzia yenyewe.

Mwaka jana nilikwenda Chimala kuwakagua wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha. Katika shule moja, ambayo sitaitaja, mtoto wa darasa la tano aliugua ghafla saa nne asubuhi. Shangazi anayekaa naye alikuwa safarini. Wazazi wapo Matamba, wilayani Makete, juu ya mlima wenye kona 57. Kompyuta ikafunguliwa. Majina yalikuwamo tele, lakini yaliandikwa na Mwalimu Mkuu aliyekwisha hamishwa, kwa namna aliyoielewa mwenyewe: “Baba Neema”, “Baba Neema mpya”, “Yule wa Matamba”. Ilimbidi mwalimu mmoja apande pikipiki na kuuliza nyumba kwa nyumba. Aliporudi na baba mtu jua lilikuwa limekuchwa, na mtoto amelazwa pasipo ndugu hata mmoja kando yake.

Simlaumu aliyehama. Hakuna mkufunzi aliyemfundisha.

Maoni yangu ni kwamba kadi ya anwani iandikwe kwa ajili ya mgeni, yaani mwalimu atakayeripoti kesho asimjue mtu yeyote. Iwe na jina kamili la mzazi, jina la mtoto na darasa lake, kijiji, namba ya simu, na tarehe kadi ilipohakikiwa mara ya mwisho. Kwa ofisi kitangulie cheo, “Afisa Elimu Kata”, maana watu huhama na ofisi hubaki. Hata mipaka huhama: Makete ilikuwa Iringa hadi Mkoa wa Njombe ulipoanzishwa mwaka 2012, na Tunduma ilitoka Mbeya ikawa Songwe mwaka 2016. Nimeziona kadi zisizojua habari hizo.

Tena, programu kama Thunderbird, ambayo hutolewa bure, huokota yenyewe anwani unazoziandikia na kuziweka katika orodha ya pembeni. Ukianza kuandika herufi mbili za jina, hukuletea wote wanaofanana. Mwenye haraka humchagua wa kwanza, na barua ya siri juu ya mtoto huyu humfikia mzazi wa yule. Orodha hiyo isafishwe kila mwisho wa muhula. Na unapowaandikia wazazi wote pamoja, zifiche anwani zao wasionane. Tangu ilipotungwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, hilo si suala la adabu tu.

Wapo wasemao kwamba simu ya mwalimu yatosha. Simu hiyo huhama naye! Kadi za shule zitolewe nakala katika faili, na nyingine ichapwe kwenye karatasi na kufungiwa kabatini, kwani umeme ukikatika karatasi husomeka.

Chuoni twaweza kuanza bila kompyuta. Kila mwanachuo aandike kadi tano za watu wa shule aliyofanyia mazoezi, ampe mwenzake asiyefika huko, naye aeleze kwa kadi hizo tu jinsi ambavyo angewapata. Nililijaribu zoezi hilo muhula uliopita. Kadi nyingi zilirudishwa kwa waandishi wake siku ileile, zikiwamo mbili zangu.