Duma: Bendi ya Nairobi Iliyobidi Ivuke Mpaka Ndio Isikike

Tuanze na jina ndio tusichanganyane. Si duma yule wa Mara anayekimbiza swara, na si nduma ya kunywa nayo chai asubuhi. Hii Duma inatoka kwa neno la Kikuyu la giza. Bonyeza albamu yao ya 2020, skiza sekunde kumi tu, utajua mbona walichagua hilo.

Ni wasee wawili. Martin Khanja, anayejiita Lord Spikeheart, ndiye anapiga mayowe. Sam Karugu anashika gitaa na mashine. Duma iliundwa 2019, lakini hawa si watu walioamka juzi wakaamua kupiga kelele. Wametoka kwa bendi za metal za hapa hapa, Lust of a Dying Breed na Seeds of Datura. Kama hujawahi kuyasikia hayo majina, hauko peke yako, na hapo ndipo stori yenyewe iko.

Rock ya Nairobi iko kitambo. Parking Lot Grass, Murfy's fLaw, Last Year's Tragedy, wote walipanda stage na watu wakaruka. Shida ni kwamba scene yenyewe ni kama ukoo mdogo: anayekuja kuona bendi yako leo ndiye unaenda kuona yake wiki ijayo. X FM ilipokuwa hewani angalau ungepata gitaa likilia kwa matatu. Ilipozimwa, hata hiyo dirisha ikafungwa. Na kama hauchezwi redioni, hata mirabaha ya redio huwezi dai.

Halafu kuna hesabu. Bendi ya watu watano inataka dramu, ampu, mahali pa mazoezi ambapo jirani hataita askari, na gari ya kubeba hayo mavitu yote usiku. Mwenye klabu naye anaangalia upande wa pili, anaona deejay mmoja na lapi yake, anayejaza meza za nyama na kuuza pombe. Wewe ungemlipa nani? Kwa hivyo bendi ya watu wawili na kompyuta, isiyohitaji kubeba dramu hata moja, si ushamba wala uvivu. Kwa hii jiji ni akili.

Na usisahau mambo ya shetani. Wazazi wetu walikuwa vijana ama watu wazima mwaka wa 1994, Moi alipounda tume nzima ya kuchunguza ibada ya shetani Kenya. Ripoti ikaja kutolewa kwa umma 1999. Mtu aliyelelewa kwa hiyo hofu, akisikia kijana wake akinguruma bedroom kama simba amekanyagiwa mkia, hawezi sema ni kipaji. Anapigia pasta simu.

Sasa twende Kampala. Katikati ya 2019 Duma walienda kurekodi kwa studio ya Nyege Nyege, wakakaa kama miezi mitatu. Najua mnacheka. Kwa Kiswahili hilo jina haliwezi tamkwa mbele ya shosho, lakini kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza inayokushika ghafla bila kuomba ruhusa. Ni lebo na pia tamasha linalofanyika Jinja kando ya Nile. Tusiweke Uganda mbinguni lakini: 2022 Spika wa bunge lao alitaka hilo tamasha lizimwe kwa sababu ya maadili, serikali ikaliruhusu na masharti mengi.

Kitu Duma walipata Kampala ni majirani wazuri. Hii lebo tayari ilikuwa imetoa singeli ya Dar, ile ngoma inayokimbia kupita mapigo 200 kwa dakika, na Otim Alpha wa kaskazini ya Uganda, aliyechukua nyimbo za harusi za Waacholi akazipitisha kwa kompyuta. Yaani watu ambao kwao mashine kukimbia kuliko mkono wa binadamu ni kawaida ya Jumamosi.

Hapo ndipo sauti ilipinda. Kwa bendi zao za kwanza gitaa lilikuwa mfalme na mpiga dramu alikuwa mtu anayetoka jasho. Kwa Duma, dramu zinatoka kwa mashine, zinapiga mfululizo mpaka zinaacha kuwa mdundo zinakuwa kama mvua juu ya mabati. Gitaa limesagwa hadi hulitambui. Sauti ya Spikeheart haikai juu ya muziki kama mwimbaji wa kawaida, imezama ndani kama chombo kingine. Wazungu wengi walisikia hapo grindcore na noise za kwao. Mimi nasikia pia singeli. Ile spidi haikuletwa na ndege kutoka Ulaya, ilikuwa tayari inachezwa kwa vigodoro vya Dar.

Albamu ikatoka Agosti 2020, wakati mbaya kabisa. Kenya ilikuwa kwa kafyu tangu Machi na hakuna shoo. Nje wakaisifu sana. Hapa nyumbani, kimya. 2022 Sub Pop ya Seattle, lebo iliyotoa albamu ya kwanza ya Nirvana, ikatoa singo yao, Cannis. Fikiria msanii wa gengetone apate kitu kama hicho, si blogu zote zingelipuka? Sisi pia tulikuwa tumeshughulika na nani amemwacha nani.

Spikeheart hakukaa mahali pamoja. 2021 alishatokea kwa Tewari, albamu ya Scotch Rolex, Mjapani aliyekuwa anajiita Scotch Egg kabla akutane na rolex ya Uganda, ile chapati na mayai. Aprili 2024 akatoa albamu yake ya solo, The Adept, na safari hii kwa lebo yake mwenyewe, Haekalu. Aliitoa kwa heshima ya nyanya ya mzazi wake, Muthoni wa Kirima, Field Marshal wa Mau Mau aliyefariki Septemba 2023. Kwa The Adept hip hop na elektroniki zimeingia zaidi, na unaweza hata kufuata mdundo na kichwa bila kuumia shingo.

Hiyo lebo ndiyo naiangalia sana kuliko mapitio ya magazeti ya Ulaya. Mpaka hapo kila mlango uliofunguka, ufunguo ulikuwa na mtu wa nje: studio Kampala, lebo Seattle, shoo nyingi za kulipa ziko ng'ambo, na viza ni story ya siku ingine. Haekalu ikiweza kutoa hata bendi mbili za watoi wa Nairobi bila mtu kuomba ruhusa popote, hiyo ni kubwa kuliko nyota tano za mkosoaji yeyote. Ikishindwa, next Duma nao wataabiri basi la usiku la Kampala.

Kama unataka kuonja, usimeze albamu nzima mara moja. Anza na Omni, halafu Lionsblood, halafu ile inaitwa Uganda with Sam. Weka earphones. Kama bado unaishi kwa wazazi, funga mlango pia.