Unene Si Dhambi, Kitambi Si Utajiri

Mwaka huu kalamu yangu haitaki kuzungumzia ugumu wa ngeli wala utamu wa methali. Inataka kuzungumzia mwili. Hapa kwetu Kathonzweni tuna mizani mbili za kupimia unene, na kwa maoni yangu zote mbili ni mbovu.

Mizani ya kwanza tunaitumia shuleni. Mwanafunzi mnene akijiunga na shule, hata wiki haijaisha ameshabatizwa jina: Lori, Tangi, Gunia. Saa ya michezo ikifika, watu wanajipanga kando ya uwanja kumngoja akimbie ili wapate kucheka. Namjua msichana mmoja aliyeacha kula chakula cha mchana kwa sababu ya majina hayo, akawa anasinzia darasani mchana kutwa. Waliomcheka walisema ati ni mvivu.

Mizani ya pili tunaitumia nyumbani. Mtu akirudi kutoka Nairobi au Mombasa na kitambi kinachotangulia mlangoni, wazee wanafurahi na kusema, "Huyu mambo yake yamenyooka!" Akirudi mwembamba, watu wananong'ona kwamba jiji limemshinda. Basi kilo zile zile zinamfanya mtoto kuwa kichekesho na mtu mzima kuwa mheshimiwa. Jamani, haki iko wapi hapo?

Hebu tuiulize sayansi. Katika somo la Biolojia tunafunzwa kwamba homoni ni wajumbe wanaosafiri ndani ya damu, wakitoa habari kiungo kimoja na kuzipeleka kingine. Mjumbe anayejulikana zaidi ni insulini, ambayo hutoka katika kongosho na kuwezesha sukari kutoka kwenye damu na kuingia katika seli. Mnamo Januari 1922, huko Toronto, Kanada, mvulana wa miaka 14 aitwaye Leonard Thompson, aliyekuwa hali mahututi kwa kisukari, alidungwa sindano ya insulini. Sindano ya kwanza haikufaa sana, lakini dawa iliposafishwa vizuri zaidi alipata nafuu. Hakuwa amerogwa wala kulaaniwa. Alikosa mjumbe tu.

Mjumbe mwingine alijulikana juzi juzi. Mwaka wa 1994, Jeffrey Friedman na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rockefeller, New York, walitangaza kwamba wamegundua jeni inayotengeneza homoni ambayo baadaye iliitwa leptini, jina lililotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya wembamba. Leptini hutoka katika mafuta yenyewe ya mwili. Kazi yake ni kuuambia ubongo, "Akiba ipo, usiwe na hofu." Mafuta yakipungua, leptini nayo hupungua, na ubongo hupiga kengele: njaa inazidi na mwili unaanza kubania nguvu zake. Sisi watu wa Ukambani, ambao mvua hutuchezea kila mara, tunapaswa kulielewa jambo hili upesi kuliko wengine. Mwili ni kama mama mwenye nyumba aliyewahi kuona njaa: ukigusa ghala lake, atapigana.

Sasa sikilizeni kisa hiki. Mwaka wa 1997, watafiti wa Cambridge, Uingereza, akiwamo Sadaf Farooqi na Stephen O'Rahilly, walieleza habari za watoto wawili, binamu. Mmoja alikuwa na miaka 8 na uzito wa kilo 86. Mwingine alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Walikuwa na njaa isiyoshibika. Kumbe miili yao haikuweza kutengeneza leptini hata kidogo! Yule mkubwa alipoanza kudungwa leptini, njaa ilitulia na uzito ukashuka. Hakuchapwa, hakuchekwa, hakuhubiriwa. Alipewa mjumbe aliyekosekana. Je, kama angesoma shuleni kwetu, tungemwita nani?

Najua kuna msomaji atakayerukia hapo na kusema, "Basi wote walio wanene hawana leptini!" La hasha. Hali ya watoto hao ni nadra sana. Wanene wengi wana leptini tele. Ila ubongo wao hauisikii vizuri, kama vile mwanafunzi wa nyuma asivyomsikia mwalimu darasa likiwa na kelele. Ndiyo sababu kuwadunga leptini zaidi hakukuwasaidia sana. Sindano za siku hizi za kupunguza uzito huiga homoni nyingine, inayotoka matumboni baada ya mtu kula. Lakini somo ni lile lile: njaa na shibe si suala la tabia njema peke yake.

Mwingine atauliza, "Kama ni homoni, kwani kuna haja gani ya kuangalia chakula? Tule tu!" Hoja hii ni nzito, nami sitaikwepa. Mwaka wa 2008 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Dirk Lund Christensen kuhusu Wakamba, Wajaluo na Wamaasai wa hapa Kenya, wa mashambani na wa mjini. Mashambani, watu kama 16 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi kiasi. Mjini walikuwa karibu 40 katika kila 100. Tafakarini hapo. Anayepanda basi Wote na kushuka Nairobi habadilishi damu njiani. Wala hawezi kuwa ameacha bidii yake yote Machakos. Kinachobadilika ni chakula anachokipata na kazi ambayo mwili wake unaifanya. Homoni zetu ni zile zile, ila tumezipeleka mahali ambapo ghala halifungwi kamwe.

Daktari mmoja Mwingereza, Hugh Trowell, aliliona badiliko hili kwa macho yake. Alifika Kenya mwaka wa 1929, kisha akafanya kazi miaka mingi Mulago, Uganda. Siku hizo aliwaona Waafrika wanene kwa nadra sana. Aliporudi Afrika Mashariki kutembea mwaka wa 1970, alikuta miji imejaa watu wanene na wagonjwa wa kisukari. Yeye na mwenzake Denis Burkitt, aliyekuwa daktari wa upasuaji Uganda, walishikilia kwamba ubaya mmoja ni kukoboa nafaka hadi nyuzinyuzi zote zikaondoka. Na huko tulikofika sasa si kwa matajiri tu: uchunguzi wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kwamba asilimia 27 ya Wakenya wazima walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanawake ilikuwa asilimia 38.5.

Kwa hiyo kile kitambi tunachokipigia makofi si cheti cha utajiri. Mafuta yaliyojikusanya tumboni huwafanya wengi wasiitii insulini yao wenyewe. Kongosho hutoa nyingi zaidi, mwishowe huchoka, na hapo ndipo kisukari cha aina ya pili hubisha hodi. Huja polepole, bila kelele, hadi macho, figo na miguu zianze kulalamika. Wembamba nao hukipata, kwa hiyo mtu asijidanganye kwa kujitazama kwenye kioo.

Tufanye nini basi? Mimi ni mwanafunzi, sina hospitali wala mfuko wa fedha. Lakini nina mapendekezo manne.

Kwanza, majina ya Lori na Tangi yakome, na viranja wayahesabu kuwa matusi kama matusi mengine. Kumcheka mtu hakupunguzi hata gramu moja. Humfanya akimbie uwanja, na uwanja ndio ungemsaidia.

Pili, kipindi cha michezo kisiliwe na Hisabati. Samahani, mwalimu wetu wa Hisabati, nakupenda, lakini kipindi hicho si chako! Misuli inayofanya kazi huichukua sukari iliyo kwenye damu, na insulini husaidiwa mzigo.

Tatu, kantini yetu iuze maembe, njugu na mahindi ya kuchemsha, si soda na mandazi peke yake. Kaunti nzima inajulikana kwa maembe, halafu sisi tunakunywa maji ya sukari yaliyotiwa rangi! Na tusiionee haya isyo, ule mchanganyiko wa mahindi na maharagwe ambao wengine huuita chakula cha wakongwe. Muthokoi ni mtamu, sikatai, lakini kumbukeni kwamba mahindi yake yametwangwa ganda likatoka. Mbaazi, kunde, mtama na mawele vinavumilia jua letu na vina nyuzinyuzi tele. Mwacha mila ni mtumwa, na mtumwa wa soda ana gharama.

Nne, siku ya wazazi, pamoja na hotuba ndefu na zawadi za sufuria, tuwaombe wahudumu wa afya waje wawapime wazazi wetu sukari na shinikizo la damu. Tone moja la damu kidoleni hutoa jibu kwa dakika chache. Mzazi anayekaa saa tatu akisikiliza matokeo ya mtihani wa mwanawe anaweza kungoja kidogo asikie na yake.

Wenzangu, wahenga walisema hujafa hujaumbika. Unayemcheka leo kwa mwili wake hajui homoni zake zitampeleka wapi, na wewe pia hujui zako. Tuwaheshimu watu, tukiogope kisukari. Mpaka sasa tumefanya kinyume: tumewacheka watu na kukishangilia kitambi.

Wasalaam,
Mwanachama wenu wa kidato cha nne.