Mama yake Trump alitoka wapi? Tunafuata karatasi hadi kijiji cha Tong, Uskoti

Mwishoni mwa Julai 2025 Rais Donald Trump wa Marekani alikuwa Uskoti kwa siku tano. Tulisoma habari hiyo kwenye taarifa zetu: kiwanja chake cha gofu cha Turnberry, mazungumzo ya ushuru na Ursula von der Leyen wa Umoja wa Ulaya, kikao na waziri mkuu wa Uingereza Keir Starmer, halafu uzinduzi wa kiwanja kingine kipya cha gofu karibu na Aberdeen. Katikati ya taarifa kulikuwa na sentensi moja tu kwamba mama yake ni mzaliwa wa Uskoti. Sentensi hiyo ndiyo iliyotuletea ujumbe mwingi kuliko ushuru wote.

Wapo waliotutumia maneno yanayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, kwamba mama huyo aliingia Marekani kwa njia za panya na mwanawe leo anawafukuza wenzake. Wapo walioandika kinyume kabisa, kwamba alitoka ukoo wa machifu wenye ngome. Na msikilizaji mmoja akauliza kwa kifupi: mnajuaje? Kijiji cha wavuvi, zaidi ya miaka 100 iliyopita, nani alikuwa anaandika?

Swali hilo la mwisho ndilo linalojibu mengine mawili, kwa hiyo tuanze nalo.

Tarehe 1 Januari 1855 sheria mpya ilianza kazi Uskoti. Tangu siku hiyo kila anayezaliwa, anayeoa au kuolewa na anayefariki lazima aandikwe na msajili wa serikali, awe bwana mwenye shamba au mvuvi asiye na viatu. Kabla ya hapo kazi hiyo ilikuwa ya makanisa, na makanisa yaliandika kwa kadiri ya bidii ya karani. Kitabu cha zamani kuliko vyote kinaanzia mwaka 1553, lakini katika parokia kadhaa za visiwani vitabu vinaanza karne ya 19 tu.

Uzuri wa rejista za Uskoti uko kwenye maswali yake. Mtu akifariki, msajili hakuuliza jina lake na umri peke yake. Aliuliza jina la baba wa marehemu, jina la mama, na ukoo wa mama kabla hajaolewa. Sasa piga hesabu. Bibi aliyefariki mwaka 1860 akiwa na miaka 80 alizaliwa 1780, na cheti chake cha kifo kinakutajia wazazi walioishi katikati ya miaka ya 1700. Karatasi moja inakuruka vizazi viwili. Mwaka 1855 wenyewe maswali yalikuwa mengi kupita kiasi, hadi idadi ya ndugu na mahali wazazi walipozaliwa. Wasajili walielemewa na mwaka uliofuata yakapunguzwa. Ndiyo maana watafuta nasaba wa Uskoti hufurahi wakikuta babu yao alifariki mwaka 1855, furaha ya ajabu kidogo, lakini ndiyo kazi yao.

Juu ya rejista kuna sensa ya kila baada ya miaka kumi. Tangu 1841 inataja majina ya watu wa kila nyumba. Sensa hufungwa kwa miaka 100 kulinda siri za watu, kisha hufunguliwa kwa umma. Ya mwaka 1921 ilifunguliwa Novemba 2022. Zote zinasomwa leo kwenye tovuti ya ScotlandsPeople, inayosimamiwa na idara ya kumbukumbu ya taifa iliyoko Edinburgh.

Sasa tuingie kwenye familia yenyewe.

Mary Anne MacLeod alizaliwa tarehe 10 Mei 1912 katika kijiji cha Tong, kisiwa cha Lewis, kaskazini magharibi mwa Uskoti, kilomita chache kutoka mji mdogo wa Stornoway. Alikuwa mtoto wa kumi, kitinda mimba. Lugha ya nyumbani ilikuwa Kigaeli. Kiingereza alikifahamu shuleni. Baba yake, Malcolm MacLeod, alikuwa mvuvi na mkulima mdogo wa kipande cha ardhi cha kukodi, na kwa muda alifanya kazi ya kuwafuatilia watoto watoro wa shule. Mama yake aliitwa Mary Smith.

Panda ngazi moja. Malcolm alizaliwa mwaka 1866, na wazazi wake ni Alexander MacLeod na Anne MacLeod. Ndiyo, wote wawili MacLeod, na hapo ndipo mgeni anapopotea. "Mac" kwa Kigaeli ni mwana, sawa na "bin" kwetu, kwa hiyo MacLeod ni mwana wa Leod. Lakini si kila MacLeod alitoka kiunoni mwa Leod. Wapangaji wengi walichukua jina la chifu aliyekuwa na ardhi waliyolima. Machifu wa MacLeod wana ngome yao kweli, Dunvegan, kwenye kisiwa cha Skye, na inatembelewa hadi leo. Watu wa Tong walikuwa wanakaa nyumba za mawe na kuchimba udongo wa kinamasi, wakaukaushe na kuuwasha badala ya kuni. Wanaotuandikia kuhusu ngome wamechanganya jina na mali.

Kwa kuwa kijiji kizima kingeweza kuwa na akina Malcolm MacLeod watano, wenyewe hawakuitana hivyo. Walitaja mtu kwa baba na babu yake: fulani wa fulani wa fulani. Bill Lawson, mtafiti wa nasaba za visiwa hivyo na mmoja wa walioifuatilia familia hii, alikusanya simulizi za namna hiyo kwa wazee na kuziweka kando ya rejista. Rejista bila wazee isingetenganisha Malcolm huyu na Malcolm yule. Wazee bila rejista wasingekupa tarehe.

Upande wa mama kuna msiba. Mary Smith alizaliwa Julai 1867. Baba yake, Donald Smith, alizama baharini Oktoba 1868. Binti alikuwa na mwaka mmoja na miezi mitatu, na mjane wake, Mary Macaulay, akabaki na watoto. Habari hiyo inapatikana kwa sababu ya ile sheria ya 1855. Miaka 20 kabla yake huenda kifo cha mvuvi kisingeacha hata mstari mmoja.

Panda ngazi nyingine, unafika kwenye ardhi. Akina MacLeod hawa mizizi yao iko Vatisker, akina Smith wanatoka South Lochs, na pande zote mbili zimo kwenye historia ya watu walioondolewa kwenye mashamba yao katika karne ya 19. Wenye ardhi waliona kondoo wanalipa kuliko wapangaji. Mwaka 1844 kisiwa chote cha Lewis kilinunuliwa na mtu mmoja, James Matheson, aliyetajirika kwa biashara ya kasumba na China. Baada ya njaa iliyoletwa na ugonjwa wa viazi, alilipia nauli za meli wapangaji zaidi ya elfu moja waende Kanada. Wengine walikwenda kwa hiari, wengine kwa kuwa hawakuachiwa pa kulima. Mwaka 1886 ndipo bunge lilipotunga sheria kwamba mkulima mdogo anayelipa kodi yake hawezi kufukuzwa, na kipande chake anaweza kumrithisha ndugu wa ukoo. Kuanzia hapo kujua nani ni mtoto wa nani hakukuwa maneno ya mezani tu. Kulikuwa shamba.

Mary Anne alikulia katika kisiwa kilichojeruhiwa. Alfajiri ya 1 Januari 1919 meli ya Iolaire iliyokuwa inawarudisha nyumbani wanajeshi wa majini kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia iligonga miamba karibu na bandari ya Stornoway. Walikufa watu 201 kati ya takriban 280, wengi wakiona taa za kwao. Binti alikuwa na miaka sita. Waliopona na wenzao waliotoka vitani walidai ardhi waliyoahidiwa, wakavamia mashamba makubwa, likiwemo la Tong. Miaka minne baadaye meli ya Metagama ilichukua vijana karibu 300 kwa siku moja, ikawapeleka Kanada. Dada zake Mary Anne wakaanza kuondoka mmoja mmoja kwenda Marekani.

Tunafika sasa kwenye karatasi inayogombaniwa. Mei 1930 Mary Anne, mwenye miaka 17, alipanda meli ya Transylvania kutoka Glasgow. Orodha ya abiria inasema kazi yake ni ya ndani, anakwenda kuishi kwa dada yake katika mtaa wa Astoria, New York, anakusudia kubaki na kuomba uraia, na mfukoni ana dola 50. Visa ya uhamiaji alikuwa ameshapewa Glasgow mwezi Februari. Basi ile habari ya njia za panya si kweli. Aliingia mlangoni, mchana, na jina lake likaandikwa.

Swali ambalo WhatsApp haikuuliza ni mlango huo ulikuwa na upana gani, na kwa nani. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya mwaka 1924 iligawa nafasi kwa nchi, na kwa mgawo ulioanza Julai 1929 Uingereza na Ireland ya Kaskazini zilipewa nafasi 65,721 kwa mwaka, wakati dunia yote iliyo chini ya mgawo huo ilipewa kama 150,000. Watu wa sehemu kubwa ya Asia walizuiwa kabisa. Na sisi tulikuwemo kwenye orodha: Tanganyika, iliyokuwa chini ya Uingereza kwa udhamini, ilipewa nafasi 100. Ruanda-Urundi, chini ya Ubelgiji, nayo 100. Hicho kilikuwa kiwango cha chini ambacho sheria iliruhusu.

Kuna jambo jingine la tarehe. Mary Anne alifika Mei 1930. Septemba mwaka huo huo, uchumi ukiwa umeanguka, serikali ya Rais Herbert Hoover iliagiza ofisi zake za ubalozi zimnyime visa mtu yeyote anayeweza kuwa mzigo kwa umma. Mfanyakazi wa ndani mwenye dola 50 angeulizwa maswali mengine kabisa. Miezi minne ilimvusha.

Aliolewa na Fred Trump, mjenzi wa nyumba, Januari 1936. Fomu ya sensa ya Marekani ya mwaka 1940 inasema alikuwa tayari raia. Kumbukumbu za uraia zinaonyesha aliupata tarehe 10 Machi 1942. Tuelewane hapa: karani wa sensa aliandika alichoambiwa mlangoni, hakudai cheti. Hilo halimfanyi mama huyo mhalifu, maana alikuwa na haki ya kuishi pale tangu aliposhuka melini. Linaonyesha tu kwamba karatasi mbili za serikali moja zinaweza kupishana, na inayobeba uzito ni ile iliyotolewa na mwenye mamlaka ya jambo lenyewe. Donald alizaliwa Juni 1946, mama akiwa raia kwa miaka minne.

Upande wa baba, kwa kulinganisha, familia ilisema kwa miaka mingi kwamba asili yao ni Uswidi. Trump mwenyewe alirudia hilo katika kitabu chake cha mwaka 1987. Nyaraka zinasema babu yake, Friedrich, alitoka Kallstadt, Ujerumani, mwaka 1885 akiwa na miaka 16. Kumbe simulizi ya nyumbani inaweza kupotea ndani ya vizazi viwili tu, hata kwa watu matajiri wenye makabati ya mafaili.

Je, haya yote yanamhukumu Trump? Wapinzani wake hutumia hadithi ya Tong kumwita mnafiki. Wafuasi wake hujibu kwamba mama yake alifuata sheria, na kwa hilo karatasi ziko upande wao. Mimi naona jibu hilo linaishia njiani. Alifuata sheria iliyomkuta tayari imemfungulia. Msichana wa umri wake, maskini kama yeye, mwenye dada yake New York kama yeye, lakini mzaliwa wa Bombay, asingepewa hiyo sheria aifuate. Mgawo ule ulifutwa mwaka 1965. Kupima watu kwa nchi hakukufutika: tangu 9 Juni 2025, kwa amri ya Trump, raia wa Somalia wamezuiwa kuingia Marekani isipokuwa wachache, na majirani zetu wa Burundi wamefungiwa visa za kuhamia, za kutembea na za masomo.

Trump alifika Tong mwaka 2008 akiwa mfanyabiashara, akaingia kwenye nyumba ya familia kwa chini ya dakika mbili, akapiga picha na kuondoka. Safari hii ya Julai hakufika kisiwani.

Sensa inayofuata kufunguliwa Uskoti ni ya mwaka 1931, na miaka yake 100 haijatimia. Mary Anne hatakuwemo, kwani alikuwa ng'ambo karibu mwaka mzima tayari. Wazazi wake walikuwa hai: Malcolm alifariki 1954, na Mary, yule aliyebaki yatima wa baba akiwa na mwaka mmoja, alifika 1963.