Bububu, Miaka 120 Tangu Gari la Moshi

Mwaka 2025 ilitimia miaka 120 tangu gari la moshi lianze safari zake baina ya Ngome Kongwe na Bububu. Hivyo tunaisherehekea leo, ingawa tumechelewa. Wasomaji wetu wa Uroa watauliza inawahusu nini, maana huko mashariki reli haikufika asilani. Lakini anayepeleka pweza Darajani alfajiri anajua thamani ya chombo kinachoondoka kwa saa yake, na hicho ndicho watu wa Bububu walichokipata mapema kuliko mashamba mengine yote.

Ilikuwa reli fupi, maili 7 tu, iliyojengwa na kampuni ya Kimarekani ya Arnold, Cheney. Gari lilipenya vichochoro vya Malindi, ubavu kwa ubavu na kuta za nyumba, ndipo likashika pwani kupitia Mtoni na Beit el Ras. Abiria wa meli waliokuja kutembea kisiwani walitengewa behewa la daraja la kwanza.

Hapo Beit el Ras tusimame kidogo. Sayyid Said alianza kujenga kasri lake mwaka 1847, akafariki 1856 halijamalizika, na mengi ya mawe yake yakaja kuchukuliwa kwa ujenzi wa reli. Kwa hiyo mkulima aliyekwenda mjini na kikapu chake alisafiri juu ya mawe ya mfalme. Nyumba iliyokosa kukaliwa ikawa njia ya watu wote, nasi hatuoni kwamba mawe yale yalipotea.

Wazee husimulia kwamba jina Bububu ni mlio wa gari lile. Ni hadithi tamu, ila Bibi Salme binti Said alikitaja kijiji kwa jina hilo hilo katika kumbukumbu zake zilizochapishwa 1886. Jina lilikuwapo, gari likaja kuliitikia.

Wala haikuwa reli ya kwanza Unguja. Sayyid Barghash alikuwa na yake ya Chukwani, iliyovutwa kwanza na nyumbu kisha na mashine ya mvuke, ikafa naye mwaka 1888. Ile ya Mombasa ilianza kujengwa 1896. Watoto wetu hujifunza ya Mombasa, na ya nyumbani hawaijui.

Serikali iliinunua reli ya Bububu mwaka 1911. Barabara na motokaa zikawachukua abiria, na kufikia 1922 hawakuwamo tena. Reli ikabaki kubeba mawe ya kujengea bandari, hata nayo ikafungwa kabla ya 1930. Bandari hiyo tunaitumia mpaka leo.

Tunaomba vibao viwili, kimoja Ngome Kongwe, kimoja Bububu, vya mawe ya hapa hapa, viandikwe mwaka 1905 na maili 7. Na skuli za Uroa zipelekwe kuviona, watoto waufuate mstari wote kwa miguu.