Tumetambuliwa kwa sheria, halafu?

Jamani, kuna wimbo mmoja hapa chuoni umenichosha. Ukitaja hali ya Mji Mkongwe tu, mtu anarukia: "Sheria ipo!" Ukitaja chuo: "Na sisi tuna yetu!" Ni kweli. SUZA imeanzishwa kwa Sheria Namba 8 ya mwaka 1999 ya Baraza la Wawakilishi. Mji Mkongwe ulipata sheria ya uhifadhi mwaka 1994, nyengine ikaja 2010, na katikati hapo, mwaka 2000, UNESCO wakautia kwenye orodha ya urithi wa dunia. Haya, tumetambuliwa. Halafu?

Mi nilipokwenda mazoezi ya kufundisha, skuli moja ya mjini, nilisomesha hizo hizo sheria kwa madaha, miaka yote ubaoni, watoto wananakili. Mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama inalindwa na sheria, mbona Beit el Ajaib imeanguka?" Wallahi nilikosa la kusema. Nikamwambia tutazungumza kesho. Kesho yenyewe nikajitia kusahau.

Jumba lile alilijenga Sultan Barghash mwaka 1883. Tarehe 25 Disemba 2020 sehemu yake iliporomoka likiwa kwenye matengenezo, wafanyakazi wawili wakafariki. Watu wawili, waliotoka makwao asubuhi kwenda kutafuta riziki.

Nyumba za mji ule ni mawe ya matumbawe, chokaa, udongo na boriti. Paa likivuja masika moja tu, maji yanaingia ukutani, boriti inaanza kuoza, na hakuna kifungu cha sheria kitakachopanda juu kuziba. Mtu anaona ufa, anapiga saruji. Kwa macho pamependeza! Kumbe unyevu kaufungia ndani na ukuta unaliwa kimya kimya. Wa kwanza kuona dalili ni anayelala humo ndani. Sasa huyo nani kamfundisha?

Hapo ndipo ugomvi wangu na nyie wenzangu wa elimu. Tunapanda gari Darajani, tunashuka Tunguu, tunajaza madaftari nadharia za ufundishaji, jioni tunarudi Forodhani kupiga picha. Nataka kila anayesomea ualimu apewe nyumba moja ya Mji Mkongwe kabla hajapewa cheti. Akae barazani na wenyewe, ajue maji ya mvua yanapita wapi, kisha atunge somo na alisomeshe. Msiniambie mtaala umejaa, somo moja tu! Na mnaosema hiyo ni kazi ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, Mamlaka haiingii darasani saa mbili asubuhi. Tunaingia sisi.

Mi naanza na nyumba ya bibi yangu Malindi, Jumamosi baada ya adhuhuri. Anayetaka twende, aje na daftari. Kamera aiache.